Tulipomkaribisha Najwa Barazani



Sisi ni wanawake saba wa mtaa mmoja wa Mji wa Kale, Mombasa, na kwa miaka mingi imekuwa desturi yetu kukutana kila Jumamosi baada ya sala ya Alasiri katika ukumbi wa mmoja wetu. Kwanza huwa ni darsa fupi, kisha kahawa ya tangawizi, kisha maneno. Tunasema maneno kwa makusudi, kwani kina mama wanaosoma gazeti hili wanajua maneno ya baada ya darsa huwa ni ya namna gani. Baada ya Idi ya Mfungo Mosi iliyopita, mwenzetu mmoja, mwalimu wa sekondari aliyestaafu, alikuja na kitabu mkobani akatuomba tumpe saa moja ya maneno yetu. Kitabu kimeandikwa kwa Kiingereza, na wanne kati yetu hawakisomi Kiingereza kwa raha. Basi yeye alikuwa akipitisha macho kwenye ukurasa kimyakimya, kisha akitusimulia kwa Kiswahili, na pale aliposita kutafuta neno, sote tulisita pamoja naye.

Kitabu hicho kinaitwa Minaret, yaani mnara wa msikiti, kilichotolewa mwaka 2005. Mwandishi wake, Leila Aboulela, alizaliwa Cairo mwaka 1964, akalelewa Khartoum, na mwaka 1990 akahamia Aberdeen, Uskochi. Yeye ndiye wa kwanza kabisa kupata tuzo ya Caine ya hadithi fupi za Kiafrika, mwaka 2000. Hayo mwalimu alitueleza ili tujue kuwa mwenye kusimulia ni mwanamke Mwislamu, mwenye kuijua sala kwa kuisali, wala si mtu wa nje anayetuchungulia dirishani.

Mhusika mkuu ni Najwa. Babake ni mkubwa serikalini huko Khartoum, na nyumba yao ina watumishi, bustani na magari. Yeye na pacha wake, Omar, wanasoma chuo kikuu, na jioni huenda kwenye dansi. Mwaka 1985 serikali inapinduliwa. Baba anakamatwa, anashtakiwa kwa kula mali ya umma, ananyongwa. Mama na watoto wake wawili wako London, wala hawana pa kurudi. Huko Omar anazama katika dawa za kulevya mpaka anafungwa gerezani, na mama anaugua saratani ya damu na kufariki. Tunapokutana na Najwa mwanzoni mwa kitabu, mwaka 2003, anakaribia miaka arobaini, amevaa hijabu, hana mume wala mtoto, na siku hiyo anaanza kazi ya utumishi katika nyumba ya watu ambao zamani wangeweza kuwa wageni wa mamake.

Jumamosi ya kwanza, tukiri, tulimpokea vibaya. Mmoja wetu alisema aliye juu mngoje chini, na tukacheka. Mtoto wa mla rushwa ameonja jasho la wenzake, limempata alilostahili. Jumamosi ya pili ikawa mbaya zaidi, kwa sababu ndipo tulipofahamu Najwa aliishi vipi kabla ya kuijua njia ya msikiti. Alifunga Ramadhani na wenziwe lakini hakusali. Alimpenda Anwar, kijana wa siasa za mrengo wa kushoto, ambaye aliwahi kumshambulia babake kwa kalamu katika gazeti la wanafunzi. Miaka michache baadaye Anwar alipofika London naye akiwa mkimbizi, Najwa, ambaye sasa hakuwa na mtu wa kumuuliza umetoka wapi, aliangukia kwake bila ya ndoa.

Hapo Bi Mkubwa wetu aliweka kikombe chini.

Bi Mkubwa ndiye mwenye umri kuliko sote, na kwa zaidi ya miaka thelathini amekuwa mwosha wa maiti wa kike mtaani petu. Akisema jambo hatumkatizi. Alisema kuwa mwosha hufundishwa jambo moja kabla ya kufundishwa kumimina maji: akiona aibu juu ya mwili wa maiti, aisitiri, asiitoe nje ya chumba. Sasa mbona sisi tunakaa tukimfunua mwanamke wa Kiislamu, zinaa yake na yote, huku tukila kashata? Alitaka kitabu kifungwe turudi kwenye darsa.

Mwalimu alijibu kwa adabu, lakini alijibu. Alimkumbusha kwamba Qur'ani yenyewe imekisifu kisa cha Nabii Yusuf (a.s.) kuwa ni kizuri kuliko visa vyote, na ndani ya kisa hicho yumo mke wa Mheshimiwa wa Misri, mwanamke aliyetamani, akadanganya, akamtia mtu asiye na kosa gerezani, na mwishowe akasimama mbele ya mfalme akakiri kwa ulimi wake mwenyewe. Kisa hicho tunakisoma vizazi na vizazi, wala hatusemi tunamfunua. Kisha akaongeza jambo lililotuuma: Najwa hakuwahi kuzaliwa, hana jamaa wa kuona haya kwa ajili yake, lakini kabla ya kitabu hiki, Jumamosi ngapi tumekaa humu humu tukiwafunua waliozaliwa, wenye jina na mlango tunaoujua?

Hakuna aliyejibu. Bi Mkubwa alikinywa kilichobaki kikombeni na kusema, "Haya, endelea. Lakini mahali pa haramu upapite mbio." Nasi tushuhudie kwamba mwandishi mwenyewe hupapita mbio.

Tunataka kueleza kwa nini hatukuweza kumuacha mwanamke huyu baada ya hapo, na si rahisi kueleza. Si kwamba alikuwa mwema. Katika hadithi nyingi tunazopewa sisi wanawake, mwanamke mwema huteswa mpaka akalipwa, na mwanamke muovu hustarehe mpaka akaadhibiwa. Nasi husikiliza tukijihesabu upande wa yule mwema. Najwa hakutupa nafasi hiyo. Ana soni, ana woga, ni mzito wa kuamua, hupenda watu wasiomfaa, na hujidanganya kwa mambo madogo madogo namna ile ile tunayojidanganya sisi. Upo wakati tulimkasirikia kama mtu anavyomkasirikia nduguye. Lakini tangu Khartoum, katika usiku anaorudi kutoka kwenye dansi na kuisikia adhana ya alfajiri huku watumishi wa nyumbani wakiamka kusali, kuna kitu ndani yake kinachosikia wivu. Anawaonea wivu watumishi wake. Mwalimu alipotufikisha hapo alisita kwa muda, na haikuwa kwa kukosa neno.

Halafu ukaja ule mkasa wa lulu. Najwa yuko siku zake za mwanzo kazini, kwa Lamya, mwanamke msomi anayeandika tasnifu ya uzamifu, na mkufu wa lulu wa Lamya unapotea. Hakuna anayemshutumu Najwa waziwazi. Wanatafuta tu, kimya, naye anatafuta pamoja nao, akijua macho yote yanakotazama. Mkufu ulipatikana, na hakuna aliyeona haja ya kumwambia neno. Katika ukumbi wetu, mwenye nyumba aliinuka akaenda jikoni, ambako msichana wake wa kazi, mtoto wa Kilifi, alikuwa akichemsha maziwa. Alikaa huko kitambo. Baadaye alitusimulia: mwaka uliotangulia bangili yake ilipotea, akamuuliza msichana mara tatu, mara ya tatu kwa ukali. Bangili ilionekana nyuma ya kabati siku ya kupaka rangi. "Nilifurahi nikaivaa," alisema. "Yeye sikumwambia kitu." Siku ile jikoni alimwambia. Msichana alijibu kwamba aliiona mkononi mwake tangu ile siku ya rangi, akanyamaza.

Yupo wa saba wetu ambaye hatujamtaja. Alirudi kutoka Saudia mwaka juzi, baada ya miaka tisa ya kazi za nyumbani, na tangu aanze kuja alikuwa akikaa karibu na mlango, akitwaa kahawa yake na kuondoka kabla ya Magharibi. Tuseme kweli, kabla hajaanza kuja, maneno ya baada ya darsa yalimhusu yeye mara nyingi. Miaka tisa na hajajenga. Miaka tisa, na mume akaoa mwingine kwa fedha alizokuwa akizituma. Kwa nini hasemi na watu? Ana nini anachoficha? Tunajua sote mfano ambao Mwenyezi Mungu ameupiga katika Surat al-Hujurat juu ya msengenyaji na nyama anayoila. Tuliujua na tukala.

Ni yeye aliyemsahihisha mwalimu. Mwalimu alikuwa akitusimulia jinsi Najwa anavyojifunza nyumba ngeni, vyombo vinakaa wapi, mtoto hulala saa ngapi, akasema Najwa alikuwa mpweke kwa sababu hakuwa na watu. Kutoka mlangoni tukasikia, "Sivyo." Tuligeuka. Akasema, "Watu wamo. Nyumba yangu mimi ilikuwa na watu kumi na mmoja, na mimi ndiye niliyejua nani hali chumvi na nani ana dawa za kumeza usiku. Lakini lau ningalikufa usiku, wangalijua asubuhi kwa kukosa chai." Kisha akaomba radhi kwa kukatiza.

Tangu siku hiyo mwalimu akawa akimuuliza kila alipofika penye kazi ya nyumba, "Hivi ndivyo?" Naye hujibu ndivyo, au sivyo, wakati mwingine kwa kicheko. Alituambia, kwa mfano, kwamba mwandishi amepatia pale mtumishi anapompenda mtoto wa watu, kwani mtoto huyo ndiye peke yake nyumbani asiyejua kuwa wewe ni mtumishi. Yeye alilea watoto wawili Saudia tangu kuzaliwa. Wadogo hao humwita mama kwenye simu mpaka leo, na wake aliowazaa humwita shangazi akisahau kujirekebisha mmoja wao. Alilisema hilo kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayetaja bei ya nazi.

Jumamosi tunayotaka hasa kuieleza ni ile tuliyofika penye kifo cha mama. Mama ya Najwa anafia hospitali London, na wanawake wa msikiti wanakuja kumuosha, wanawake wasiomjua, waliokuja kwa sababu maiti ya Mwislamu haiachwi. Mmoja wao anaitwa Wafaa. Wakati Najwa amesimama hajui la kufanya, Wafaa ndiye ajuaye. Kazi inakwisha, watu wanaagana. Lakini Wafaa anampigia simu. Anamkaribisha msikitini, Najwa hatoi jibu la maana. Baada ya muda anapiga tena. Miaka inapita, Najwa yuko na Anwar, yuko katika kila lisilofaa, na mara moja moja simu inalia na ni Wafaa, hauliza umefanya nini, anauliza tu hali. Mpaka inafika siku Najwa hana pengine pa kushika, anamtafuta yeye. Hivyo ndivyo anavyofika katika msikiti wa Regent's Park, ule wenye kuba la rangi ya dhahabu, kwenye darsa la wanawake wanaoketi mkekani, na kwa mara ya kwanza tangu Khartoum hakuna anayemuuliza ni binti wa nani.

Mwalimu alifunga kitabu kwa kuwa saa ilikuwa imekwisha. Bi Mkubwa hakuinuka. Kwa Kiswahili tunasema mwosha huoshwa, na tulidhani hilo ndilo analolifikiri. Sivyo. Alisema, "Mimi nimeosha watu siwezi kuwahesabu. Nimetoka, nimeoga, nimerudi nyumbani kwangu nikijua nimepata thawabu zangu. Sijapata kumpigia simu binti wa maiti hata mmoja." Tukamwambia mtaa wetu si London, hapa kuna hitma, kuna tanga, jamaa hujaa nyumba. Akatuuliza, "Na siku ya arubaini na moja?"

Hapo yule wa mlangoni akasema neno ambalo bila shaka alikuwa amelichukua moyoni kwa miaka minne. Mamake alifariki yeye akiwa Saudia. Habari zilimfikia mazishi yalipokwisha, na ruhusa ya kuja hakuipata. Alisema, "Bi Mkubwa, mama yangu ulimuosha wewe. Alikuwaje?"

Ijapokuwa tunaishi mtaa mmoja, hakuna kati yetu aliyekuwa ameliunganisha jambo hilo. Bi Mkubwa alikuwa ameliunganisha, bila shaka. Lakini mwosha hasemi asipoulizwa. Akamwita akae karibu naye. Akamwambia kwamba uso ulikuwa umetulia, na viungo laini, havikuwasumbua. Akamwambia maji yalikuwa ya uvuguvugu, kwani asubuhi ile kulikuwa na baridi ya kusi. Kwamba alimsuka nywele mikia mitatu kama ilivyo sunna, na nywele zilikuwa bado nyingi, nyeusi kwa nyuma. Kwamba maji ya mwisho yalitiwa karafuu maiti, na sanda ilikuwa vipande vitano vilivyotimia. Na mkononi kulikuwa na hina iliyoanza kufifia, ya harusi ya mtoto wa jirani. "Hina alipaka?" aliuliza binti. "Alipaka." Akalia, nasi tukalia, na kahawa ikapoa. Magharibi ilituadhinia pale pale, tukasali jamaa, na siku hiyo hakuondoka mapema.

Hatusemi kitabu kilifanya hayo. Yangeweza kusemwa siku yoyote katika miaka miwili. Tunasema tu kwamba hayakuwa yamesemwa.

Kuhusu mwisho wa hadithi, hatukupatana, na mpaka leo hatujapatana. Najwa anapendwa na Tamer, mdogo wake Lamya, kijana wa miaka kumi na tisa, mcha Mungu, anayeona nyumba yao imejaa mali na imepungukiwa na dini. Naye Najwa, nusu yake akijua ni upuuzi, anampenda. Mwenzetu mmoja alimtetea kwa mfano wa Bibi Khadija (r.a.), ambaye wanazuoni wengi hutaja kuwa alikuwa na miaka arobaini alipoolewa na Mtume (s.a.w.) aliyekuwa na ishirini na mitano. Bi Mkubwa akauliza je, Bibi Khadija alikuwa akimfulia soksi? Tulicheka sana. Mambo yanapofichuka Najwa anafukuzwa kwa aibu, na mama wa kijana, Doctora Zeinab, anampa fedha ili ajitenge naye. Najwa anazichukua. Anakusudia kwendea Hija.

Wawili wetu walikasirika: ameuza mapenzi, na Hija haiendewi kwa fedha ya namna hiyo. Mwalimu aliona ndilo jambo la busara kuliko yote aliyoyafanya maishani, kumuacha kijana akaishi umri wake. Mwenye nyumba alisema fedha ile ilikuwa haki yake ya jasho na dharau, tena ni kidogo. Kwa maoni yetu ya jumla, sura za mwisho zina haraka, na Tamer hakukomaa kuwa mtu kamili. Ni kivuli kizuri. Aliyerudi Saudia hakutoa hukumu. Alisema tu kwamba alipokuwa huko, safari ya kwenda Makka ilikuwa ya saa nne kwa gari, na katika miaka tisa alipelekwa Umra mara moja, kulea watoto wakati wenyewe wakitufu. Alitufu usiku, wao walipolala. Hakuwaambia.

Tulikimaliza kitabu katika Mfungo Tatu, wiki ambayo mahujaji wa mtaa wetu walikuwa wakiaga. Aliyekuwa akikaa mlangoni aliomba aende nacho nyumbani. Binti yake yuko kidato cha tatu, anakisoma Kiingereza vizuri, na alitaka wakisome wawili tangu mwanzo. Tulimtazama Bi Mkubwa, maana binti ni mdogo na mahali pa haramu pamo. Bi Mkubwa alisema, "Mpeni. Mamake atakuwa hapo."

Bi Mkubwa siku hizi ana daftari. Mwalimu amemwandikia kwa herufi kubwa majina na nambari za simu za mabinti wa marehemu aliowaosha tangu mwaka jana, na kila Jumatatu baada ya Dhuhuri huwapigia wawili watatu. Analalamika kuwa wengine hudhani ana deni analodai. Na Jumamosi ijayo, inshaallah, tunaanza kitabu cha Kiswahili, Utengano cha Said Ahmed Mohamed wa Zanzibar, kilichotoka mwaka 1980, chenye kisa cha Maimuna, binti aliyefungiwa ndani ya nyumba ya babake mpaka mlango ulipofunguka akapotea. Bi Mkubwa ameshauliza kama humo kuna mtu anayeoshwa.